BUSTANI YA MBOGA KATIKA NCHI YA THELUJI
Kwa nini mkulima hungoja hata mwezi wa Mei

Siku hizi Wakenya wengi wana mwana, ndugu au rafiki akaaye katika nchi za baridi kali, na habari za theluji si ngeni tena vijijini. Lakini liko jambo moja ambalo watu wa huku hulisikia wasilisadiki: ya kwamba huko mtu aweza kuwa na kiwanja kizuri, na mbegu, na maji, na jembe, na jua lawaka, na bado akakaa majuma mengi bila kupanda. Tena hafanyi hivyo kwa uvivu. Leo twataka kueleza sababu yake, na hasara impatayo asiyengoja.

Mfano wetu ni jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, linalopakana na Kanada. Wakenya wengi wamefanya makao huko, hasa katika vitongoji vya Minneapolis. Mji huo uko karibu na mstari wa digrii 45 za kaskazini, yaani nusu ya safari kati ya ikweta na ncha ya dunia. Katika majira ya baridi maziwa huganda hata magari yakapita juu yake. Baridi kali kupita zote zilizopata kupimwa katika jimbo hilo ilikuwa ya tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower: digrii 51 chini ya sifuri. (Digrii zote za joto katika makala haya ni za sentigredi.)

Mama mmoja wa upande wa Nyeri alikwenda huko kumtazama binti yake, akafika siku za mwisho za Aprili. Mama huyu amelima tangu ujana wake, na watoto wake wote walisomeshwa kwa kabeji na viazi. Alikuwa ametia mbegu za mahindi na vitunguu katika sanduku lake, lakini zilichukuliwa na maofisa wa uwanja wa ndege, kwa kuwa sheria ya Marekani haikubali mbegu ziingie pasipo kibali au cheti cha afya ya mimea. Siku ya tatu jua likawaka sana, watu wakavua makoti. Mama akatoka uani, akaona udongo mweusi, mnono, mtupu.

"Mwanangu," akasema, "shamba limelala hivi na jua linawaka? Mwangoja mvua gani?"

"Si mvua, Mama. Twangoja katikati ya Mei. Udongo bado una baridi."

Mama akacheka. Kesho yake, binti alipokwenda kazini, akatwaa pakiti za maharagwe na mahindi zilizokuwa jikoni, akazipanda kwa mistari iliyonyoka. Kisha akatoa miche yote ya nyanya iliyokuwa dirishani, akaipanda nayo na kuinywesha maji. Jioni binti aliporudi hakuwa na neno la kumwambia mzazi wake. Usiku wa nne mbingu zilikuwa safi, nyota tele, wala hapakuwa na upepo. Asubuhi nyanya zote zilikuwa nyeusi, zimelegea kana kwamba zimemwagiwa maji ya moto. Maharagwe hayakuota kamwe. Mama alipofukua baada ya majuma mawili alikuta maganda na uozo.

Wala mama huyu si mjinga wa kilimo. Alama alizozitazama ni za kwetu, na huko zina maana nyingine.

ARDHI ILIYOGANDA

Kwetu mkulima hutazama mvua. Karibu na ikweta joto halibadiliki sana mwaka mzima. Kinachoongezeka na kupungua ni maji, ndiyo sababu twahesabu mwaka kwa mvua za masika na mvua za vuli. Katika Minnesota mambo ni kinyume. Majira ya kuchipua yanapoanza maji yapo tele, maana theluji ya miezi mingi imeyeyuka. Kinachokosekana ni joto, hasa joto la ardhi.

Katika majira ya baridi ardhi ya huko huwa ngumu kama jiwe, na si juu juu tu. Sheria ya ujenzi ya jimbo huamuru misingi ya nyumba ishuke inchi 42 katika sehemu za kusini na inchi 60 katika sehemu za kaskazini, ili barafu ya ardhini isije ikainua nyumba na kupasua kuta. Mwezi wa Machi na Aprili barafu hiyo huanza kuyeyuka. Basi kwa muda udongo wa juu huwa tope, na chini yake pana barafu bado, na maji hayana pa kwenda. Mtu akiingia na jembe wakati huo huliharibu shamba lake kwa mwaka mzima, maana udongo wa mfinyanzi ukikanyagwa na kupinduliwa ukiwa majimaji hukauka ukawa kama matofali. Kipimo cha wakulima ni rahisi. Hutwaa konzi ya udongo wakaifinya mkononi; donge likivunjika kwa kuguswa na kidole, kazi yaweza kuanza, na likibaki limeshikana kama udongo wa chungu, wao hurudi nyumbani. Baridi hiyo ina fadhili yake pia, maana kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huvunjavunja madonge makubwa yaliyoachwa na jembe, kazi ambayo kwetu yataka mikono na jasho.

Hewa yaweza kupata joto kwa siku moja, bali ardhi iliyojaa maji huchukua majuma. Siku ile mama alipopanda, watu walikuwa wakitembea kwa mashati, lakini binti alipoupima udongo asubuhi ya pili ulikuwa na digrii 8 tu. Haragwe lataka udongo wenye digrii 16 hivi ili liote vizuri. Katika baridi mbegu hunywa maji ikavimba, lakini haipati nguvu ya kuchipua, na ikikaa hivyo kuvu na mabuu ya nzi huila. Kwa hiyo mkulima mwangalifu huchomeka kipimajoto katika udongo, inchi mbili hata nne chini, asubuhi kabla jua halijawa kali, tena hurudia siku kadhaa mfululizo. Pakiti za mbegu za Marekani hutumia kipimo cha Farenhaiti, ambacho maji huganda katika digrii 32. Mgeni asipojua hayo ataona digrii 50 akadhani ni joto la kuungua, kumbe ni digrii 10 za kwetu.

MBOGA ZIVUMILIAZO NA ZISIZOVUMILIA

Isidhaniwe kwamba kila mmea hungoja Mei. Jambo kubwa ni kujua mmea umetoka wapi. Njegere, ambazo wengi huziita minji, asili yake ni Mashariki ya Kati. Kabeji na sukuma wiki ni za jamaa moja, na asili ya jamaa hiyo ni pwani za Ulaya. Mimea hiyo imezoea baridi. Njegere na spinachi huweza kuota udongo ukiwa na digrii 5 tu, na pamoja nazo hupandwa saladi, figili na karoti, katika Aprili, mara udongo uwezapo kushikwa. Kwa hizo hasara iko katika kuchelewa, maana joto la Julai likifika njegere hukauka, na spinachi huacha majani ikakimbilia kutoa maua.

Viazi hupandwa mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Majani yake yakiunguzwa na baridi, kiazi chenyewe hukaa salama chini na kuchipua tena.

Lakini nyanya, pilipili, maharagwe, mahindi na maboga yote ni mimea ya sehemu zenye joto za bara la Amerika, na matango ni ya Bara Hindi. Mimea hii haina kinga yoyote juu ya barafu. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mahindi na nyanya ni wenyeji wa bara lile lile, na bado katika Minnesota ni wageni kama mama yetu wa Nyeri. Iko kanuni ya kale, isemekanayo ilitoka kwa wenyeji wa asili wa Amerika, ya kupanda mahindi wakati majani ya mwaloni yamekuwa makubwa kama sikio la kindi. Wazee wetu waliotazama maua ya miti kabla ya kutoa mbegu ghalani watalielewa jambo hili upesi: mti hautikiswi na jua la siku moja, bali huhesabu joto la siku nyingi.

SAKITU

Adui wa pili ni sakitu, yaani umande ulioganda. Watu wa Kinangop hawahitaji kuelezwa habari zake, maana wameona mara nyingi mashamba ya viazi yakiwa meusi asubuhi. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi nao waliionja mwezi wa Januari 2012, ilipounguza majani ya chai katika mashamba mengi.

Huja hivi. Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku hulirudisha angani. Mawingu yakiwapo hulizuia joto hilo kama blanketi. Lakini usiku wa nyota, usio na upepo, joto lote hupotea, na majani ya mimea hupoa hata kushinda hewa iliyo juu yake. Tena hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka kama maji mpaka mabondeni ikatulia huko. Ndiyo maana bustani ya bondeni hupigwa, na ya jirani aliye mlimani ikasalimika usiku ule ule. Maji yaliyomo katika jani la nyanya yakiganda, barafu hupasua na kukausha nyama ya jani, na jua lichomozapo hubaki kitu cheusi kilicholegea.

Katika Minneapolis sakitu ya mwisho ya majira ya kuchipua kwa kawaida huja kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Kaskazini mwa jimbo yaweza kuja hata Juni. Hiyo ni kawaida tu, wala si ahadi. Wenyeji wengi hawatoi nyanya nje mpaka wiki ya mwisho ya Mei, na mtu hawezi kuwalaumu. Kisha sakitu ya kwanza hurudi mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Basi mkulima ana miezi mitano hivi, na kila mmea usiovumilia baridi sharti uote, ukue na kuzaa ndani ya muda huo.

Habari ya sakitu ikitangazwa na mimea iko nje tayari, kuna dawa. Jioni, kabla jua halijatua, huifunika kwa shuka kuukuu, ndoo au makasha, ukingo wa kifuniko ukigusa ardhi pande zote, kwa kuwa joto litakaloiokoa mimea latoka udongoni. Karatasi ya plastiki ikigusa majani haisaidii, maana palipoguswa huungua. Kunywesha udongo mchana pia husaidia, kwa sababu udongo wenye maji hushika joto kuliko mkavu. Asubuhi vifuniko huondolewa, la sivyo mimea huokwa na jua.

KAZI YA DIRISHANI

Miezi mitano haitoshi kwa nyanya na pilipili zikianzwa kwa mbegu nje. Kwa hiyo kazi ya bustani huanza ndani ya nyumba, theluji ingali imefunika kila kitu. Vitunguu hupandwa katika visanduku mwezi wa Februari, pilipili katikati ya Machi, na nyanya majuma sita hata manane kabla ya siku ya kuzitoa nje. Taabu ni mwanga. Mwanga wa dirishani wakati huo ni haba, na miche hurefuka ikawa myembamba, ikiinamia kioo; wenye kutaka miche mifupi yenye nguvu hutundika taa inchi chache juu yake na kuiwasha saa 14 hata 16 kila siku. Wengi huua miche yao kwa upendo, wakiinywesha kupita kiasi, mpaka shina linaoza pale litokapo udongoni na mche huanguka. Maji kidogo na hewa ya kutosha ndiyo kinga.

Mche uliolelewa hivyo haujui upepo wala jua kali. Kabla ya kuhamishwa sharti uzoezwe kwa siku saba hata kumi. Siku ya kwanza hutolewa kivulini kwa saa moja au mbili na kurudishwa ndani; kila siku muda huongezwa, kisha huonyeshwa jua la asubuhi, kisha la mchana, na mwisho hulala nje usiku usio na baridi. Miche ya mama haikupata malezi hayo. Hata kama sakitu isingalikuja, majani yake yangaliunguzwa na jua yakawa meupe kama karatasi.

Wengine hutumia sanduku la mbao lisilo na sakafu, lililofunikwa kwa kioo, ambalo hunasa joto la jua. Katika karne ya 19 wakulima wa mboga wa Paris walijaza samadi mbichi ya farasi chini ya masanduku ya namna hiyo. Samadi inapooza hutoa joto jingi, nao waliweza kuuza saladi wakati wa baridi.

KWA NINI MBEGU ZA KWETU HAZIFAI

Yule mama aliwasikitikia sana vitunguu vyake vilivyobaki uwanja wa ndege. Lakini hata kama vingalipita, visingalimfaa. Kitunguu hujua wakati wa kufanya tunguu kwa urefu wa mchana. Kwetu mchana ni saa 12 siku zote, na aina zipandwazo Kenya, kama Red Creole, zimezoea hivyo. Katika Minneapolis mchana wa Desemba haufiki saa 9, na ule wa Juni hupita saa 15 na nusu. Kitunguu chetu kikipandwa huko huuona mchana wa saa 12 mapema, kingali na majani machache, kikadhani wakati umefika, kikafanya tunguu dogo kama gololi. Na vitunguu vya kaskazini, ambavyo hungoja mchana wa saa 14 na zaidi, vikipandwa Kenya hutoa majani tu mwaka mzima. Wasomaji waletewao pakiti za mbegu kama zawadi na jamaa zao walifikirie jambo hilo kabla ya kutayarisha kitalu; pia wakumbuke kwamba Kenya nayo yataka kibali cha kuingiza mbegu, na KEPHIS ndiyo isimamiayo.

Mahindi ni hivyo hivyo. Mahindi makubwa ya nyanda za juu, kama yale ya Kitale, hukaa shambani miezi sita hata minane. Yangalipandwa katika Minnesota sakitu ya Oktoba ingaliyakuta mabichi. Huko wenye bustani za nyumbani hupanda mahindi matamu, ambayo huchumwa baada ya siku 70 hata 90. Mama aliyaonja akasema ni ya watoto, hayana unga.

Katikati ya Mei mama na binti walianza upya. Walinunua miche ya nyanya dukani, wakapima udongo kila asubuhi, na mama ndiye aliyeshika kipimajoto. Maharagwe waliyapanda juma la mwisho la mwezi, yakaota kwa siku nane. Mchicha nao, upendao udongo wa moto, ulipandwa mwanzo wa Juni, ukachumwa baada ya mwezi mmoja. Mama alistaajabu kuona mimea ikikua kwa haraka hivyo, mpaka binti alipomkumbusha kwamba saa tatu za usiku jua lilikuwa halijazama.

Sakitu ilirudi mwanzo wa Oktoba. Jioni ile walichuma nyanya zote, hata za kijani, wakazifunga katika magazeti zikaiva ndani polepole. Sukuma wiki haikuguswa. Mmea huo ukipigwa na baridi hujaza sukari katika majani ili yasigande upesi, na mama alikiri kwamba ilikuwa tamu kuliko ya kwake. Juma moja kabla ya kurudi Kenya alipanda mbegu zake za mwisho huko, vitunguu saumu, punje moja moja kwa kina cha inchi mbili, akavifunika kwa majani makavu; kwa maana kitunguu saumu ni mmea utakao kulala chini ya theluji, bila hiyo haugawanyiki vizuri kuwa na punje nyingi. Mwezi wa Aprili, binti alipompigia simu kumwambia kwamba vichipukizi vimetokea, mama aliuliza kwanza udongo una digrii ngapi.